Mlezi wa Ulimbo

Ladha ya chuma ilimjia Namkunda mdomoni akiwa amesimama mbele ya kikaushio, mikono yote miwili imejaa tangawizi mbichi. Kwanza alidhani ni mvuke wa mashine. Akatema mate, akasukutua kwa maji ya bomba, akatafuna kipande cha tangawizi kali ambacho kingemtoa machozi hata ng'ombe. Ladha ikabaki pale pale. Na haikuwa ngeni kwake: aliishi nayo masika mazima, mwaka ule alipomlelea kaka yake ulimbo.

Akatupa tangawizi kwenye trei, akapenyeza vidole ndani ya blauzi, chini ya mtulinga wa kushoto. Hapo palikuwa na kovu bichi la kile walichokiita kipimo. Wiki iliyopita alishuka hospitali kwa hiari yake, akalala kitandani, akatiwa ganzi, akaambiwa wanachukua nyama kidogo waone kama inafanana na ya mgonjwa. Alikubali kupimwa. Sasa chini ya kovu lile palikuwa na kitu laini, cha mviringo, ukubwa wa punje ya harage, kinachoteleza ukikibonyeza.

"Washenzi!" alisema kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakimenya wakageuka wote. "Washenzi wakubwa! Wamenitia!"

Hakuna aliyeuliza wamemtia nini. Kule milimani Upare kila nyumba iliujua ulimbo. Zamani ulikuwa utomvu wa mti wa kunasia ndege. Wazee walipoonyeshwa dawa mpya ya saratani, inayonata na kunasa, wakaipa jina lile lile, na madaktari wenyewe wakaishia kulitumia.

Ulimbo wa hospitali ni nyuzi za plastiki nyembamba kuliko utando wa buibui, zimefinyangwa zikafumbata dawa ndani yake. Ukifika kwenye uvimbe unanasa hapo na kukaa kimya. Dawa haitoki hata tone mpaka mionzi iupige. Mionzi ikiupiga, nyuzi zinakatika na dawa inamwagika pale pale inapotakiwa. Hivyo mionzi kidogo inafanya kazi ya mionzi mingi, na moyo na mapafu ya mgonjwa hayaungui. Shida ni kwamba mwili ukiona kitu kigeni unakifukuza kabla hakijafika popote. Ndipo wataalamu walipogundua kwamba ulimbo ukilelewa kwanza chini ya ngozi ya ndugu wa damu, ukakaa humo msimu mzima, ukivunwa na kutiwa kwa mgonjwa unapokewa kama mtoto wa nyumbani. Ndugu huyo ndiye mlezi.

Kulea mara moja hakuna ubaya, ukiacha homa na viungo kuuma. Mara ya pili ndiyo mwiko. Hapo mwili wa mlezi unaukariri ulimbo kama mtoto anavyoikariri sura ya mwalimu aliyemchapa, na tangu hapo hauupokei tena maishani. Siku mlezi huyo naye akishikwa na saratani, hana ulimbo, hana tiba, ana dua tu. Na saratani iliujua vizuri mlango wa ukoo wao. Ilimchukua baba yao, ikamgusa kaka yake Elinihaki, na sasa ilikuwa kifuani kwa Naetwe, binti wa Elinihaki, msichana ambaye Namkunda alimbeba mgongoni mama yake alipokuwa akihangaika na biashara huko Tanga.

Akavua aproni. Msimamizi akamuuliza anakwenda wapi kabla ya saa za kazi kuisha. Akamwambia anakwenda kwa ndugu zake, na akaitamka "ndugu" kama mtu anayetema mbegu ya limau.

*

Elinihaki alikuwa barazani, miguu kwenye kigoda, anasikiliza taarifa ya habari. Mkewe, Mama Zefania, alikuwa pembeni yake anapukuchua maharage.

"Kaka, mmenitia ulimbo."

Elinihaki hakushtuka. Hapo ndipo Namkunda alipopata jibu lake, maana asiye na habari hushtuka kwanza.

"Kaa, mdogo wangu. Wifi yako akuletee chai."

"Sitaki chai. Nani aliniuliza?"

"Kikao kilikaa."

"Kilikaa wapi? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kiwandani. Hatukutaka kukusumbua." Alizima redio, akakohoa kidogo. "Sheria ya hospitali unaijua. Mlezi anateuliwa na ukoo, mambo yasije yakazua ugomvi wodini. Mimi sikuitunga. Kikao kimekuteua, na wote tulisema hakuna anayekufaa zaidi yako. Wewe umeshapita njia hiyo."

"Nilipita njia hiyo kwa ajili yako! Na daktari wa wakati ule aliniambia mbele yako, wewe umelala hapo na mirija puani: mara moja tu, mama, ya pili ni kujichimbia kaburi. Ulisikia, kaka. Ulikuwa mgonjwa, hukuwa kiziwi."

Elinihaki akaangalia migomba yake.

"Una wana watatu," Namkunda akaendelea. Sauti ilikuwa inapanda na hakuwa na haja ya kuishusha. "Wanaume watatu, tumbo moja na Naetwe. Kwao ni homa na kuumwa magoti, basi. Wangelea, wangepona, wangeendelea na maisha. Kwa nini mimi?"

Aliyejibu ni Mama Zefania, tena kwa upole, bila kuacha maharage yake. "Wifi, usikasirike. Mmoja yuko melini, hata kwa simu hapatikani. Mwingine yuko Mwanza, kazi yenyewe ya mkataba. Zefania ana watoto wadogo, likimpata la kumpata watalelewa na nani? Mimi ningelea, kisukari ndicho kimenikataza. Wewe uko huru. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi hatujakupa jiwe, wifi. Tumekupa mtoto umwokoe."

Kuna maneno ambayo yakisemwa kwa ukali unaweza kuyarudisha kwa ukali, mkamalizana. Haya yalisemwa kama mtu anayekukaribisha chakula. Namkunda alisimama pale akiwa amekunja ngumi, akimtazama mwanamke aliyeishi naye kama ndugu tangu ujana, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi walivyokuwa wakimwona siku zote: chumba kitupu, ambacho wenye nyumba hawaoni haya kuweka mizigo yao ndani yake.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mimi changu mmekishonea kabisa ndani ya ngozi."

Akawapa mgongo. Elinihaki akamwita kwa jina mara mbili, kisha akasikika akimwambia mkewe atafute viatu vyake.

*

Kigari cha waya kilimteremsha kutoka milimani hadi tambarare, kikipita juu ya mashamba ya mkonge na paneli za jua zilizotandazwa mpaka macho yachoke. Ndani alikuwa yeye na magunia ya tangawizi. Njia nzima alisema peke yake, akiwapangia maneno wote, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Naetwe na kukosa la kumpangia. Hasira yake yote ilikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa hapo.

Dakta Ruhinda alikuwa kijana mpole kutoka Bukoba, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapobanwa. Alipoona blauzi ya Namkunda imefunguliwa vifungo viwili na kidole kimeelekezwa kwenye kovu, akaanza kufuta.

"Mama, mimi nilimuuliza kaka yako. Hapo koridoni. Alisema umeridhia, tena alisema wewe ni mzoefu."

"Mzoefu! Mimi ni fundi cherehani?" Namkunda akapiga meza. "Nililala kwenye kitanda chako, dakta. Uso wangu ulikuwa hapa, wako ulikuwa pale. Mdomo wangu ulikuwa na kidonda?"

"Utaratibu unasema ukoo—"

"Utaratibu unasema ukoo uteue. Unasema pia umdanganye mtu kwamba unampima?"

Daktari akaacha miwani mezani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi. "Hapana," alisema. "Wenzangu walishazoea. Walezi wengi, hasa akina mama, wakiambiwa mapema wanalia, wanachelewesha. Ndugu zao wakatuomba tuwe tunamaliza kazi siku ya kipimo. Tukaona tunawarahisishia."

Namkunda alitamani kumzaba kofi. Kilichomzuia ni kwamba mtu huyo ndiye peke yake mwenye majibu aliyoyahitaji.

"Nieleze sasa. Nimeshaharibika?"

"Homa umepata?"

"Ladha ya chuma tu. Leo."

"Basi bado ni mchanga. Mwili wako haujaukariri. Nikiutoa leo, unabaki kama ulivyokuja. Homa ikishaanza, nikiutoa au nisiutoe ni mamoja."

"Na Naetwe?"

Daktari akaivaa tena miwani. "Ulimbo huu ulifinyangwa kwa kipande cha uvimbe wake, na upo huu mmoja tu. Ukipoa unakuwa plastiki ya kutupa. Kutengeneza mwingine kunahitaji muda ambao hana, na uvimbe uko nyuma ya mfupa wa kifua, umeulalia moyo. Nikimpiga mionzi mitupu ya kuumaliza, nitauchoma na moyo. Nikipunguza, uvimbe hautajali."

"Umesema ukipoa. Na kabla haujapoa?"

"Unaweza kuhamishiwa kwa ndugu mwingine wa damu, papo hapo. Hapa kwetu hatujawahi kufanya hivyo." Akafikiri. "Lakini unashika. Ukiwa mchanga hivi, unashika."

"Zefania anafanya kazi hapa mjini, ofisi za reli. Mwite. Usimwambie anaitiwa nini. Mwambie ni kipimo."

*

Naetwe alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kichwani, anachezea kikombe cha uji asichokunywa. Alipomwona shangazi yake akatabasamu, kisha akauona uso wake vizuri na tabasamu likakatika.

"Shangazi, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Ulijua kwamba hawakuniuliza?"

Msichana akaweka kikombe chini. "Mama aliniambia ulikubali siku ile ile. Aliniambia ulisema utalea hata mara kumi."

"Sikusema. Nimeujua leo, nikiwa kazini."

Namkunda akamweleza yote, waziwazi, hata lile la mara ya pili, maana hakutaka kumfanyia msichana yale aliyofanyiwa yeye. Naetwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, ila sauti haikutetemeka.

"Nilikuwa nakuombea kila siku kwa kukushukuru. Sasa sijui hata niseme nini." Akavuta pumzi fupi, kwa kuwa ndefu zilikuwa zinamuuma. "Shangazi, siwezi kukuambia uutoe. Naogopa kufa. Nimejaribu kusema hapa moyoni na haisemeki. Lakini kukuambia uuache siwezi pia."

Namkunda akamshika mkono, akakaa naye hivyo. Angekuwa msichana mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Angelia na kumng'ang'ania, au angesema kwa kujifanya jasiri "utoe tu, shangazi, mimi nitakufa," na Namkunda angepata kisingizio cha kumkasirikia na yeye. Lakini alisema kweli, na kweli yake ilimwachia Namkunda mzigo wote mkononi.

"Nakwenda kuutoa," alisema mwishowe. "Na nakwenda kumtafutia mlezi mwingine humu humu. Ikishindikana, jua ni mimi niliyeamua. Usimlaumu mtu mwingine."

Naetwe akaitikia kwa kichwa. Alipoachiwa mkono, akaurudisha taratibu chini ya shuka.

*

Chumba cha upasuaji mdogo kilitenganishwa na wodi kwa kioo. Elinihaki na mkewe walifika wakihema, wameshuka na kigari kilichofuata, na Zefania akaja nyuma yao, shati jeupe, beji ya reli kifuani, mwanaume mnene mwenye kicheko cha karibu. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kile kikao. Alimkuta shangazi yake amekaa kitandani anabonyeza pamba chini ya mtulinga, na Dakta Ruhinda ameshika bakuli la joto. Ndani ya bakuli kulikuwa na kidude cha rangi ya maziwa kinachoelea. Taa ya bakuli ilikuwa ya kijani.

"Mmefanya nini?" Mama Zefania akapiga kelele. "Wifi! Umemuua mwanangu!"

"Bado," alisema Namkunda. "Una mwana mwingine hapo. Ana afya, ana damu ile ile, na ulimbo bado una joto."

Zefania akacheka. Alicheka kwa sababu alizoea kucheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Shangazi, mimi nimeitiwa kipimo."

"Hata mimi."

"Lakini... si ungeuacha tu? Si ulikuwa umeshaingia?" Alirudi hatua, mgongo ukagusa kabati la dawa. "Mimi nina kazi, nina watoto. Ngoja kwanza nimpigie mke wangu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Namkunda alikuwa na methali hiyo ulimini, akaimeza, maana taa ya bakuli ilikuwa imegeuka njano.

Mama Zefania aliiona pia. Alitazama bakuli, akatazama kupitia kioo binti yake aliyekuwa akiwatazama wote, kisha akamrukia mwanawe, akamshika shati kwa mikono miwili. Kifungo kikaruka kikagonga sakafu.

"Vua!"

"Mama!"

"Vua, nasema! Dada yako anakufa, wewe unataka kupiga simu? Dakta, njoo! Mimi ni mama yake, nimekubali! Baba Zefania, sema!"

"Nimekubali," alisema Elinihaki haraka. "Ukoo umekubali."

Na Dakta Ruhinda akasogea. Hicho ndicho kilichompandisha Namkunda hasira ambayo siku nzima hakuijua kuwa anayo, zile nyingine zote zilikuwa cheche tu. Daktari yule aliyekaa mbele yake bila miwani, akaungama, alisikia neno "ukoo" na miguu yake ikaenda yenyewe. Ameshachukua sindano ya ganzi. Mkono wa mama uko kwenye shati, sauti ya baba iko hewani, na mwenye kifua hakuna anayemtazama usoni.

"Koma!" Namkunda alisema. "Dakta, simama hapo hapo."

Uso wa Mama Zefania ukachanua. Alidhani ameshinda. Alidhani wifi yake anarudi kitandani kama ilivyo ada, na kweli maneno yalikuwa yameshafika kooni mwa Namkunda, lete, nibebe mimi, yaishe. Alikuwa ameyasema maisha yake yote. Aliyazuia kwa meno.

"Muulize," alisema.

"Mama, taa—"

"Naiona taa. Muulize yeye. Usimuulize mama yake, wala baba yake, wala kikao. Wifi, mwachie shati."

"Unapoa, Namkunda!" Elinihaki alikuwa karibu kulia. "Mtoto anakufa kwa ajili ya swali?"

"Mwachie shati!"

Mama Zefania akaachia. Namkunda hakuthubutu kutazama upande wa kioo. Alijua anaweka nini kwenye mizani, lakini hakurudi nyuma. Angenyamaza tu, Naetwe angepata ulimbo wake sasa hivi. Na kesho wangekaa barazani kwao kuteua mwingine.

Dakta Ruhinda akamgeukia Zefania. "Zefania, huu ni ulimbo wa dada yako. Utakaa mwilini mwako msimu mzima. Utapata homa, viungo vitauma. Baada ya hapo hutalea tena maishani. Unakubali?"

Zefania akamtazama mama yake, akamtazama baba yake. Kwa mazoea alikuwa anasubiri mtu amjibie.

"Naweza kukataa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unaweza," alisema Namkunda, kabla daktari hajajibu.

Hakuna neno lililowahi kumgharimu hivyo. Mama Zefania alitoa mlio kama wa mtu aliyechomwa. Zefania akageuka upande wa kioo, akamwona dada yake, na dada yake hakumwomba, alikuwa anamtazama tu kama anavyotazamwa mtu unayemjua. Bega lake kubwa likashuka. Akafungua mwenyewe kifungo kilichobaki.

"Nakubali, dakta. Weka. Fanya haraka."

Sindano ikaingia, kisu kikafuata, ulimbo ukateleza kutoka kwenye bakuli kwenda chini ya ngozi ya Zefania, na mashine ukutani ikatoa mlio mmoja mwembamba kwamba umeshika. Mama Zefania akakaa sakafuni pale pale akalia kwa sauti. Nyuma ya kioo Naetwe alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa.

Namkunda alikuwa anafunga blauzi yake. Alitarajia hasira itashuka sasa, kwa kuwa alikuwa amepata alichokitaka, na hata mtoto amepata. Badala yake ilizidi, akaona machozi yakimdondokea mkononi. Swali lile na jibu lake havikuzidi muda wa kufunga vifungo hivi.

Elinihaki akamsogelea, akanyoosha mkono kama anayetaka kumshika bega. "Mdogo wangu..."

Namkunda akausogeza ule mkono, bila nguvu, akachukua mtandio wake kitandani.

"Mngeniuliza hivyo, kaka," alisema, "ningekubali."